Tambuu Ndani ya Mpira wa Maji

Siku moja nilifungua bomba la bustani yangu hapa Kisauni, Mombasa, maji yakakataa kutoka. Nikautikisa mpira, nikaupuliza, wapi! Nilipouchokoa kwa kijiti kikatoka kifurushi cha majani, kimekunjwa vizuri kama tambuu, na kingine nyuma yake. Nikakifungua kimoja. Ndani mlikuwa na uji mzito wa manjano, na juu ya uji yai jeupe, dogo kuliko punje ya mchele. Roho iliniuma. Kumbe nilikuwa nimebomoa nyumba ya mtu.

Mwenye nyumba ni nyuki mkata majani. Najua ninyi watoto mkisikia nyuki mnawaza mzinga, asali na mbio. Lakini duniani kuna aina zaidi ya 20,000 za nyuki, na wengi wao hawana mzinga wala malkia. Kila jike hujitegemea. Anajenga, anatafuta chakula na kutaga peke yake, na dume hamsaidii hata kubeba jani.

Jamaa yake wa Ulaya, Asia na Marekani ni nyuki mwashi, aitwaye hivyo kwa kuwa vyumba vyake huvikandika udongo. Yeye hutoka baridi ikipungua, miti ya matunda ikichanua, akafanya kazi wiki chache kisha akafa. Watoto wake hubaki tunduni hadi mwaka unaofuata. Japani wakulima wa matufaha humfuga makusudi. Sisi Mombasa hatuna matufaha wala baridi hiyo, ila mkata majani wetu hujenga kwa mtindo ule ule, jani likichukua nafasi ya udongo.

Kaa kimya karibu na mbaazi au mwaridi asubuhi, jua likishapanda. Atatua ukingoni mwa jani, alikumbatie kwa miguu, akate duara kwa taya zake kama fundi cherehani na mkasi. Sekunde chache tu, kipande kimekatika, amekibana chini ya tumbo na ameshaondoka. Tunduni anaunganisha vipande kadhaa kuwa kikombe, anakijaza chavua iliyochanganywa na maji matamu ya maua, anataga yai moja, anaziba, kisha anaanza kikombe kingine mbele yake. Mayai ya kike huyaweka nyuma kabisa. Ya kiume huyaweka karibu na mlango, kwa sababu madume ndio hutoka kwanza. Buu akianguliwa anakuta chakula chote tayari. Mama yake hatamwona kamwe.

Basi ukiona majani yana matobo ya duara ukingoni, usikimbilie kumwambia babu anyunyizie dawa. Mmea hauumii kwa vipande hivyo, na mkataji ndiye anayekuchavushia maua. Mtazame tumboni: chavua amebeba kavu, kwenye manyoya, inadondoka kila anapotua. Mbaazi za nazi unazokula na mahamri zilianza kwenye ua la manjano ambalo yeye hulipenda sana. Malenge ndiyo yanamhitaji nyuki zaidi, maana ua dume na ua jike viko mbalimbali. Asipopita nyuki yeyote, kijilenge hugeuka manjano kikaanguka.

Yuko pia bunzi, yule nyuki mkubwa anayetoboa boriti na kuvuma kama pikipiki. Akishika ua la biringanya hulitetemesha kwa nguvu mpaka chavua inamwagika kutoka kwenye vitundu vidogo. Nyuki wa asali hawezi kazi hiyo. Mkimpa shina la ua la mkonge lililokauka, huenda akaacha boriti za nyumba. Sikuahidi, bunzi ana kichwa chake.

Sasa nyumba, hasa kwa ninyi wa 4-K, chama cha kilimo shuleni. Tafuteni matete makavu ambayo penseli inaingia kwenye tundu lake. Mtu mzima ayakate vipande vya sentimita 15, nyuma tu ya fundo, ili upande mmoja uwe umezibika. Yapangeni ndani ya kopo la maziwa, yakaze yasichezecheze, kisha mlifunge kopo kwenye nguzo, kimo cha kifua cha mwalimu, likitazama jua la asubuhi. Lakini mashariki yetu ni bahari, na mvua ya masika huja na upepo. Kwa hiyo liwekeni chini ya upenu na mdomo uinamishwe kidogo. Nguzo ipakeni grisi kuzuia sisimizi. Bomba la jani la mpapai msitumie, huoza upesi.

Dawa isipigwe maua yakiwa wazi. Nyuki hawa hawalindi nyumba yao, na jike huchoma akibanwa mkononi tu. Hata hivyo, mkiona kundi linaingia na kutoka tundu moja, hao huenda ni nyuki wa asali. Rudini nyuma polepole, mkamwite mtu mzima.

Tete lililozibwa kwa majani lina wenyewe, usilichokoe.

Mpira wangu siku hizi naufunga mdomo kwa kitambaa, na kopo liko hatua mbili kutoka pale. Juzi nimehesabu matete manne yamezibwa, na la tano jike lilikuwa limeingiza kichwa ndani, mkia nje, linapima.