Usizime TV, kaa hapo na watoto muitazame kamera

Huku kwetu Lamu video ya muziki ikianza na wasichana wamevaa vipande, mtu mzima hurukia rimoti na kusema "astaghfirullah, hawana haya hawa", na mimi nimefanya hivyo miaka mpaka siku moja mtoto wa dadangu, binti wa miaka 11, akaniuliza, "Halati, na yule mwanamume mbona hujamsema?" Nikakosa jibu. Yule jamaa alikuwa na koti, viatu, miwani, jina lake limeandikwa hapo kwa herufi kubwa, na wale wasichana wanane hakuna hata mmoja aliyetajwa jina. Tangu siku hio nimebadilisha mtindo, na wazazi wenzangu nawaomba mjaribu.

Kwanza usizime, manake ukizima ataimalizia kwa simu ya mtu huko nje na wewe hutakuwepo. Ikiwa ni ya 18 hapo sawa, zima, alama za bodi ya filamu ya Kenya ziko kwa sababu: GE ni ya wote, PG mzazi awe karibu, halafu 16 na 18 ni umri ambao aliye chini yake asitazame. Na stesheni za TV zinatakiwa zisionyeshe mambo ya watu wazima kuanzia saa 11 alfajiri mpaka saa 4 usiku, lakini simu haina saa.

Kisha toa sauti kabisa. Hapa ndio naitegemea sana, kwa sababu wimbo mtamu hufunika macho. Kukiwa kimya mwambie mtoto ahesabu, kila mwanamke akitokea, tunaona uso wake ama ni kiuno tu, mapaja tu, midomo tu? Kamera ikianza miguuni ikapanda polepole, simamisha hapo hapo umuulize, saa hizi tunatazama kwa macho ya nani? Mwaka 1975 Muingereza mmoja, Laura Mulvey, aliandika kwamba sinema kubwa za Marekani zimepangwa mtazamaji akae ndani ya macho ya mwanamume, na mwanamke awe wa kutazamwa tu. Sasa wageuze: yule jamaa ndio alale kando ya maji bila shati, kamera impande kutoka unyayoni, na mwanamke ndio aimbe na koti lake. Watoto watacheka mpaka basi. Waulize wanacheka nini, na uwaache wafikiri wenyewe, usiwajibie.

Zile tamthilia za jioni zilizotiwa sauti ya Kiswahili hazina uchi, lakini huko mke mwema ni wa kulia tu na mke mwenza ni wanja na fitina. Tumia kipimo cha Alison Bechdel, mchoraji wa katuni wa Marekani, cha 1985: wanawake wawili wapo? Wanaongea wao kwa wao? Juu ya kitu kisichokuwa mwanamume? Sisi tulijaribu wiki nzima, tukakwama hapo kwa la tatu karibu kila siku.

Na hili linaniuma zaidi, mwanamke wa pwani kwenye vichekesho: anavuta maneno, amejifukiza udi, kazi yake kunyang'anya waume za watu, kama si jini. Waulize watoto, huyo ndio bibi yenu? Bibi yao yuko Langoni, mtaa wa hapa Lamu, anashona kofia, na kwa sindano hio amesomesha wanne.

Tafadhali yasigeuke kuwa mazungumzo ya nguo za binti yako, ataona yeye ndio mwenye kosa. Na wavulana wakae pia, wasiitwe nje. Mimi huwasimulia Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, aliyerekodi Bombay mwaka 1928, watu wakamkebehi kwa sura yake na yeye akawajibu kwa wimbo kwamba hoja ni akili.

Mwisho wape simu wapige video yao. Yule binti alimchukua bibi yake akishona, akaanza na uso, akashuka kwenye vidole na ile kofia, kisha akamwambia, "Bibi, sema jina lako." Bibi akaweka sindano chini, akarekebisha mtandio, akalitaja lote mpaka la babu yake.