Kabla ya kulipia picha ya tembo, ikague kwa simu

Ukiuziwa picha ya zamani ya tembo au twiga, iwe soko la mitumba la Toi, Nairobi, au kwenye mnada wa vyombo vya nyumba kule mtaa wa Karen, na muuzaji akaapa imechorwa kwa mkono, washa kamera ya simu, ikuze, uisogeze karibu na sehemu ya anga. Ukiona nukta ndogondogo za samawati, waridi, njano na nyeusi zilizojipanga kama vijiua, hiyo ni chapa ya mashine, yaani picha iliyochapwa; brashi haichanganyi rangi hivyo. Kagua anga, si mwili wa mnyama, maana huko nukta hujificha.

Nukta hazimaanishi umetapeliwa, lakini. Chapa nyingi za David Shepherd, yule mchoraji Mwingereza wa tembo, ni za mashine na bado watu huzitafuta, hasa zenye sahihi yake ya penseli. Kwa hiyo kagua sahihi pia: ikiwa nayo ina nukta, imechapwa.

Mbinu hii hukwama kwa chapa za siku hizi za wino wa kunyunyiza, zisizo na vijiua hivyo, na kioo cha fremu kikiakisi mwanga. Omba fremu ifunguliwe. Akikataa, lipia fremu tu.