Data za kichocho huharibikia shuleni, kabla hazijafika kwenye kompyuta

Nasimamia data za tafiti hapa Moshi, na swali ninaloulizwa kila mara ni: tutumie programu gani? Yoyote ambayo timu yako inaimudu. Kama mnakwenda kupima wanafunzi kichocho cha tumbo na minyoo ya safura huko Mabogini au Chekereni, kwenye mashamba ya mpunga, anza na kopo.

Lebo ibandikwe kwenye kopo lenyewe, siyo kwenye kifuniko. Makopo yakifunguliwa mengi mezani vifuniko huhama, na kinyesi cha Neema kinakuwa cha Baraka. Namba hiyohiyo iandikwe kwa penseli kwenye ncha yenye ukwaru ya slaidi, kile kioo cha kupakia kinyesi cha kusomwa kwa darubini, maana wino wa maka pen hufutika ukiguswa na spiriti. Majina yabaki kwenye daftari moja la kufungiwa kabatini. Kwingine kote ni namba tu.

Sasa darubini. Kwa njia ya Kato-Katz, ya kuhesabu mayai ya minyoo kwenye kinyesi, kile kibao chenye tundu hupima miligramu 41.7 za kinyesi, ndiyo maana mayai huzidishwa kwa 24 kupata idadi kwa gramu moja. Msomaji aandike alichohesabu, basi. Ameona 3, aandike 3. Nikipokea 72 sijui kama ameyaona 72 au amezidisha yale 3. Na tofauti yake si ya kupuuza: mayai 72 kwa gramu ni maambukizi mepesi, lakini 72 yakizidishwa tena yanakuwa 1,728, wakati maambukizi makali ya kichocho cha tumbo yanaanzia 400. Mtoto karushwa madaraja mawili na mtu aliyetaka kurahisisha kazi. Slaidi zikiwa mbili, kila moja iwe na kisanduku chake. Wastani tutautafuta sisi.

Sifuri nayo ina heshima yake. Ni ya slaidi iliyosomwa ikakosa mayai. Mtoto ambaye hakuleta choo ana alama yake, na slaidi iliyoharibika ina yake. Kisanduku kitupu kisikubaliwe.

Mayai ya safura hayasubiri: slaidi isomwe kati ya dakika 30 na 60 tangu iandaliwe, la sivyo hayaonekani tena. Kwa hiyo fomu iwe na saa ya kuandaa na saa ya kusoma, na zote ziandikwe kama zinavyosomeka kwenye simu. Mmoja akiandika 3:20 ya Kiswahili na mwenzake 10:05 ya simu, kompyuta itaona saa sita na dakika 45, kumbe ni dakika 45 tu.

Asilimia 10 ya slaidi zisomwe upya na mtu asiyejua majibu ya kwanza. Hapo ni kwa kichocho tu. Ya safura yatakuwa yameshapotea.

Faili ghafi lifungwe lisihaririwe, na kila sahihisho liandikwe pembeni pamoja na sababu na aliyelifanya. Namba za washiriki zianze na herufi, CK0047 kwa mfano, kwa sababu Excel ikiona 0047 inameza sifuri.

Kabla gari halijaondoka shuleni, hesabu makopo, slaidi, fomu na rekodi za kwenye kishikwambi. Zisipolingana, mwalimu bado yupo na mtoto bado yuko darasani. Ukigundua ukiwa mjini, hiyo ni safari nyingine na kopo lingine, na msimamizi wa bajeti atataka maelezo.