Ikate sukuma, kisha ingoje: indoli jikoni kwangu Kibokoni

Sukuma ukishaiosha, ikung'ute maji, ikatekate nyembamba kama kawaida yako, kisha iache kwenye chano. Usiwashe jiko bado. Dakika 30 hadi 40 hivi, ili jani lipate muda wa kutengeneza kemikali ya ukoo wa indoli, nitaeleza. Una swala, kaswali. Una nazi ya kukuna, kuna. Wajukuu wangu wanajua kuwa chano hicho hakiguswi mpaka bibi aseme.

Miaka mingi nilifanya kazi maabara ya hospitali hapa Mombasa, na indoli, kemikali yenye harufu kali, niliijua kwa pua kabla ya kuisoma. Tulikuwa tukiotesha vijidudu vya E. coli usiku kucha kwenye supu yenye triptofani. Asubuhi ukidondosha dawa ya Kovács, juu ya supu hujikusanya pete nyekundu, na kinacholeta wekundu huo ni indoli. Triptofani ni kipande cha protini, tunakila kwenye samaki, mayai, kunde. Kijidudu hukimega na kubakisha indoli. Harufu yake, tusizungukezunguke, ni ya chooni. Jina lake nalo limetoka kwenye nili: Mjerumani Adolf von Baeyer aliipata mwaka 1866 akichunguza rangi hiyo ya buluu.

Sasa hebu nusa asmini. Ile sauti nzito iliyo chini ya utamu wake ni indoli hiyohiyo, ila ni kidogo sana, ndiyo maana hunukia vizuri. Niliwahi kuacha kikuba cha arusi ndani ya kopo lililofunikwa. Asubuhi binti yangu akafungua, akauliza ni nani hakuvuta maji. Na kamba wakianza kuoza hutoa indoli pia, na kuwapika hakuiondoi. Wakaguzi wa samaki huipima. Kwa hiyo kamba mwenye harufu ya shaka, usimfichie makosa kwa ndimu na pilipili.

Turudi kwenye chano. Ndani ya jani la sukuma kuna kitu kiitwacho glukobrasisini, na kando yake, chumba mbali, kuna kimeng'enya cha mirosinasi, ambacho kazi yake ni kukimega. Jani likiwa zima hawakutani. Mdudu akilitafuna, au kisu kikipita, kuta hubomoka, wanakutana, na katika bidhaa zao hutokea indoli-3-kabinoli, ndugu wa indoli ile. Kwa mmea hiyo ni silaha. Sisi tunaitaka, na moto huua kimeng'enya, kwa hiyo sukuma ikitoka kisuni ikaingia moja kwa moja kwenye mafuta yanayochemka, kazi inakatizwa. Vijidudu vya tumboni huweza kuimalizia, lakini si kwa kiasi kilekile. Kabeji, koliflawa na figili ni ukoo huohuo. Mchicha si ukoo huo. Mchicha upike upendavyo, kungoja hakuongezi kitu.

Baada ya hapo mimi hukaanga kitunguu, natia sukuma, nafunika dakika 5 tu, tui zito mwishoni. Usiichemshe kwa maji mengi ukayamwaga, nusu ya faida imeenda na shimo la maji. Nami nimeyamwaga hayo maji miaka mingi, tena na elimu yangu. Ukisahau kungoja, saga mbegu za haradali kidogo, nyunyiza sufuria ikishashuka jikoni. Haradali ina mirosinasi yake.

Ikifika tumboni, asidi ya tumbo huunganisha indoli-3-kabinoli mbilimbili, na baadhi yake hugusa kipokezi kiitwacho AhR, kama sikio la seli la kupokea ujumbe, kwenye ukuta wa utumbo. Panya wa maabara waliponyimwa chakula cha namna hiyo, askari wa kinga waliojipanga kwenye ukuta wa utumbo walipungua. Hao ni panya. Sisemi sukuma ni dawa, na vidonge vya indoli-3-kabinoli vinavyouzwa vikisifiwa kwamba vinaponya hili na lile, mimi sinunui.

Vijidudu vya tumboni mwetu pia hutengeneza indoli na ndugu zake. Clostridium sporogenes huigeuza triptofani kuwa asidi ya indoli-3-propioniki, ambayo husaidia ukuta wa utumbo usivuje. Wengine, kama yule E. coli wangu, huimega ikawa indoli tupu. Hiyo hupita ini, ikawa indoksili salfeti, na figo ndizo za kuitoa. Figo zikilegea hulimbikizana kwenye damu na kudhuru. Vijidudu vikipata nyuzinyuzi za kula haviipapii protini sana. Ndiyo maana kwangu mbaazi za nazi asubuhi hazikosi, na kunde mara mbili tatu kwa wiki. Mwenye maradhi ya figo afuate chakula alichopangiwa kliniki. Anayekunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, naye asibadilishe kiasi cha sukuma ghafla, kwa ajili ya vitamini K.

La mwisho ni la roshani. Homoni inayootesha mizizi, asidi ya indoli-3-asetiki, ni ndugu wa hayo yote. Hutengenezwa kwenye ncha na majani machanga, ikashuka. Kata tawi la asmini lisilo changa sana wala gumu, kama sentimita 12, chini kidogo ya kifundo. Ng'oa majani ya chini, ya juu acha mawili: homoni hutoka huko, ikashuka kujikusanya penye kidonda. Unga wa kuoteshea mizizi unaouzwa maduka ya kilimo mara nyingi ni indoli-3-butiriki. Chovya ncha tu, kung'uta, maana ukizidi huunguza. Chomeka kwenye mchanga mchanganyiko na mboji, kivulini, unyevu usikauke.

Mwaka jana nilichomeka sita. Vitatu vilikufa kwa mjukuu wangu, aliyekuwa akivichomoa kila asubuhi kutazama kama vimeota mizizi.