Mgongo Unaouma Miezi Nenda Rudi: Namna ya Kujaribu Kuchuliwa kwa Usalama

"Mama, nichue leo leo niondoke mzima." Ndivyo wanavyoniambia wengi wakivua viatu mlangoni kwangu hapa Ngamiani, Tanga. Fundi cherehani, dereva wa bodaboda, mama anayekaa juu ya mbuzi kukuna nazi tangu alfajiri, wote mgongo umewashika miezi. Nami huwaeleza mapema: kuchua hakuondoi ugonjwa. Kunalegeza misuli na kupunguza uchungu kwa saa kadhaa, pengine siku mbili. Nafuu hiyo ndiyo nafasi yako ya kuutumia mwili bila woga. Ukiilalia kitandani, inapita bure.

Hatua ya 1: Daktari kwanza

Maumivu yakipita miezi mitatu huitwa sugu. Kabla ya kumpa mtu yeyote mgongo wako, pimwa. Ukiwa Tanga mjini, hospitali ya Bombo haiko mbali. Na usikubali kuchuliwa kabisa, wahi hospitali, ukiona haya: mkojo umegoma au unatoka wenyewe, ganzi sehemu za siri, mguu kukosa nguvu, homa, jasho la usiku, kukonda bila sababu, au maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka. Mguu mmoja ukivimba na kuwa wa moto, usiusugue hata kidogo. Huenda ni damu iliyoganda mshipani, na bonge likiachia linaweza kwenda kwenye mapafu.

Nasisitiza kwa sababu nilikosea. Miaka yangu ya mwanzo nilimchua kijana mmoja wiki tatu mfululizo. Alikuwa anakonda, shuka linalowa usiku, nikadhani ni uchovu wa kazi. Kumbe ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Dawa za hospitali zilimponya, lakini zile wiki tatu nilizompotezea bado zinaniuma.

Hatua ya 2: Fungua daftari

Kila jioni andika maumivu kwa namba, 0 mpaka 10, umelalaje usiku uliopita, na kazi moja uliyoshindwa kuifanya: kuinua ndoo, kusujudu, kukaa kwenye daladala. Hiyo kazi moja ina maana kuliko namba.

Hatua ya 3: Chagua tiba moja tu

Ukichuliwa Jumatatu, ukapigwa chuku Jumatano na kuchomwa sindano za Kichina Ijumaa, hutajua kilichokusaidia wala kilichokudhuru. Shika moja kwa wiki nne. Dawa ulizoandikiwa usiziache.

Hijama, yaani kupigwa chuku kwa vikombe, ina watu wengi hapa pwani, basi niiseme kwa kirefu. Vikombe vikavu huvuta ngozi na kuacha alama za duara zinazofifia zenyewe baada ya siku kadhaa. Vya kutoa damu ni jambo jingine: wembe uwe mpya na ufunguliwe mbele ya macho yako, glovu zivaliwe, vikombe viwe vya kutumika mara moja, maana virusi vya UKIMWI na homa ya ini husafiri kwa damu. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asithubutu. Na damu nyeusi inayobaki kikombeni si uchafu uliokuwa unakuumiza. Damu ikitoka mwilini huganda na kuwa nyeusi. Hata ya mtu asiye na ugonjwa wowote.

Shingo isizungushwe kwa ghafla na mtu yeyote, hata kinyozi anayekupa kama zawadi baada ya kunyoa. Mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo inapita humo, na ikichanika mtu anaweza kupata kiharusi.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliweka Baraza la kusajili watoa tiba. Kuomba kuona cheti si utovu wa adabu. Mimi changu nimekitundika ukutani.

Hatua ya 4: Kuchuliwa nyumbani

Hii unaweza kumfundisha mwenzio. Tandika mkeka na godoro jembamba, ulale kifudifudi, mto chini ya tumbo ili kiuno kisibonyee. Kanda kwanza kwa taulo lililochovywa maji ya moto na kukamuliwa, dakika kumi. Anayekanda ajaribu joto kwa kiwiko chake, hasa kama mgonjwa ana kisukari, kwani anaweza kuungua bila kuhisi. Usipake dawa ya kuchua yenye ukali wa minti kisha ukaweka taulo la moto juu yake. Ngozi itababuka.

Halafu mafuta ya nazi, vijiko viwili. Mikono ianzie kiunoni, ipande hadi mabegani, pembeni mwa uti, kama upana wa vidole viwili kutoka mfupani. Juu ya mfupa wenyewe hapaguswi. Tumia kiganja na uzito wa mwili; vidole gumba vitachoka mapema. Ukikuta fundo, tulia hapo, bonyeza mpaka lilegee, usipigane nalo. Kipimo changu ni pumzi: mgonjwa akiibana, umezidisha. Kuna wanaoamini kwamba pasipo kulia hapana tiba. Mimi siamini hivyo. Mwili unaoogopa hukaza zaidi. Dakika 15 mpaka 20 zinatosha, mara mbili kwa wiki.

Hatua ya 5: Inuka utembee

Usilale baada ya kuchuliwa. Wateja wangu nawapeleka taratibu baada ya Alasiri, jua likipoa: siku ya kwanza dakika kumi za kuzunguka mtaa, kila wiki waongeze kidogo. Mmoja alianza hivyo, sasa anafika Raskazone kwa miguu na kukaa kuangalia bahari. Ndani ya nafuu hiyo hiyo jaribu ile kazi uliyoiandika daftarini, kwa kipimo kidogo: nusu ndoo kabla ya ndoo nzima. Uchungu kidogo siku inayofuata ni wa kawaida. Ukizidi siku mbili, punguza.

Hatua ya 6: Wiki ya nne, fungua daftari

Ukurasa wa kwanza na wa mwisho uziweke pamoja. Ikiwa kazi uliyoshindwa sasa unaiweza, endelea, ukichuliwa mara chache zaidi. Ikiwa hakuna kilichosogea, acha kutoa pesa, hata kama mchuaji ni mimi, urudi kwa daktari na daftari lako mkononi.