Mtungi wa Kuzimia Moto wa Umeme: Upimwe kwa Mizani Kabla ya Kulipa

Juzi nilimsaidia shangazi yangu, mwenye duka la fotokopi hapa Majengo, Mombasa, kuchagua mtungi wa kuzimia moto. Mimi ni fundi umeme, nami naziandika hatua tulizofuata.

Hatua ya 1. Achana na mitungi ya maji na ya povu. Vyote viwili hupitisha umeme, na wetu ni wa volti 240.

Hatua ya 2. Chagua mtungi wa hewa ya ukaa (CO2). Poda kavu nayo huzima, lakini vumbi lake hupenya ndani ya mashine na, likishika unyevu wa pwani, hula shaba na chuma. Dukani mwenye kompyuta siishauri kamwe. Mtungi wa hewa ya ukaa hutambulika kwa alama nyeusi na mdomo mpana. Herufi C, inayoandikwa kwenye mitungi kuonyesha aina ya moto, isikupoteze: kwa Wamarekani ni moto wa umeme, kwa Wazungu wa Ulaya ni moto wa gesi.

Hatua ya 3. Upime. Mtungi huu hauna saa ya kuonyesha shinikizo, kwa hiyo ulio mtupu na uliojaa hufanana kwa macho, na hata mkononi chuma chenyewe ni kizito kiasi cha kumdanganya mnunuzi. Mimi niliwahi kununua mmoja kwa kuamini neno la muuzaji, kisha nikapoteza adhuhuri nzima nikizunguka nao Mwembe Tayari kutafuta mizani, na nilipoupata uzito wake nikakuta gesi imepungua sana. Soma uzito uliogongwa kwenye chuma au kwenye valvu, ukiuliza kwanza kama umehesabiwa pamoja na mdomo au bila, maana tofauti hiyo ndiyo iliyonichanganya mimi hadi nikapima mara tatu. Kisha ulinganishe na uzito wa mizani: kwa mtungi wa kilo 2 za gesi, upungufu unaozidi gramu 200 chini ya uzito wa mtungi uliojaa, yaani sehemu moja ya kumi ya gesi, ni sababu ya kuukataa.

Hatua ya 4. Utundike karibu na mlango, mbali na jua.

Hatua ya 5. Moto ukitokea, zima swichi kuu ikiwa unaifikia salama, ng'oa pini, elekeza kwenye shina la moto. Usiushike mdomo, kwani huganda kwa baridi na kuunguza ngozi. Toka mara umalizapo, kwa sababu gesi hiyo hufukuza hewa ya kupumua katika chumba kidogo, na umeme usipokatwa, moto huweza kuwaka tena.