Kuiweka Kibodi Yako Mwenyewe Mahali Pake Kwenye Skrini ya Simu

Programu ya kuwekea hesabu za mauzo niliyowatengenezea wauza nafaka wa soko la Kongowea, Mombasa, ina kibodi yake yenyewe: tarakimu kumi, nukta, kitufe cha kufuta, na vitufe vya kilo, debe na gunia. Kuichora hakukuwa kugumu. Kuiweka mahali pake ndiko kulikonichosha, na hilo ndilo ninalomweleza hapa mwenzangu anayetengeneza programu za Android.

Anza kwa kuizuia kibodi ya simu isijitokeze. Tangu Android 5.0, kisanduku cha kuandikia hupewa amri ya setShowSoftInputOnFocus yenye thamani ya false, nacho huendelea kupokea tarakimu kutoka kwa vitufe vyako huku kile kijistari kinachowaka na kuzima kikibaki palepale. Usikifunge kisanduku chenyewe, kwani kijistari kitatoweka na anayeandika hatajua tarakimu inaingia wapi.

Kisha panga orodha ya bidhaa na kibodi katika safu wima moja, orodha ikiwa juu na kupewa nafasi yote inayobaki. Wako wanaoifunika orodha kwa kibodi. Sikubaliani nao, kwa sababu kinachofunikwa mara nyingi ndicho kisanduku kinachojazwa. Amri ya kukisogeza kisanduku hicho kionekane itolewe baada ya skrini kupimwa upya, kwa kutumia post (njia ya kuiweka amri kwenye foleni isubiri zamu yake), la sivyo itafuata vipimo vya zamani.

Ukingo wa chini ndio unaodai uangalifu zaidi. Programu inayolenga Android 15, ikiwa kwenye simu ya toleo hilo, huchorwa hadi mwisho wa skrini, nyuma ya vitufe vya mfumo. Mimi niliipima nafasi hiyo kwa simu yangu, inayoongozwa kwa kutelezesha kidole, nikaiandika kama namba isiyobadilika. Kwenye simu ya mama mmoja anayeuza pojo, yenye vitufe vitatu vya mfumo, safu ya sifuri ilizama nusu. Akitaka kuandika 50 hujikuta amerudi kwenye skrini ya mwanzo, debe limeshapimwa na mteja amesimama. Iulize simu yenyewe: pokea WindowInsets (taarifa za nafasi zinazochukuliwa na mfumo kwenye skrini), soma kiasi cha navigationBars, yaani sehemu ya vitufe vya mfumo, ukiongeze chini ya kibodi kila kinapobadilika.

Google hupendekeza kitufe kisipungue dp 48 (dp ni kipimo cha skrini cha Android) kila upande. Nimechagua kimo cha 56, kwa kuwa kidole chenye vumbi la unga hakilengi vizuri, na safu nne zinafika 224. Simu yenye upana wa dp 360 ikilazwa, hubaki 136 tu kwa orodha. Hapo ihamishie kibodi upande wa kulia.

Mwisho, kitufe cha kurudi nyuma kifunge kibodi kwanza, kisimtoe mtu kwenye ukurasa wenye mauzo ambayo bado hayajahifadhiwa.